Cherehani Iliyofichwa kwa Shemeji

Mtu ninayewasimulia leo msimtafute. Mkitoka nje msianze kuangaliana, huyu anamkonyeza yule, "nadhani leo mchungaji alikuwa anakusema wewe." Hayupo hapa. Na kama yupo, amekaa vizuri, amevaa vizuri, na mimi simwangalii. Naangalia ile saa ya ukutani, ambayo mwaka wa tatu sasa inatuambia ni saa nne kasoro robo na sisi tunaiamini.

Alikuwa fundi wa suti. Si fundi wa kubadilisha zipu na kupunguza suruali, hapana, huyu ukitaka kuoa katika mji ule kwanza unatafuta mchumba, halafu unamtafuta yeye, na wapo walioanza na yeye. Suti yake ilikuwa inamkaa mtu mpaka mtu mwenyewe anaanza kutembea taratibu, akidhani ana cheo. Na suti zote hizo zilitoka kwenye cherehani moja ya miguu, nzito, ya chuma, aliyoinunua akiwa bado hana mke. Ile cherehani ndiyo iliyomlipia mahari. Ndiyo iliyojenga vyumba vitatu. Ndiyo iliyomsomesha binti yake wa pekee.

Binti akapata mchumba. Hapo sasa mnajua wenyewe: sendofu, sherehe ya kumuaga binti.

Kamati ikaundwa. Mimi nimezunguka kidogo duniani, nimekaa mpaka nchi za watu miezi minane, na nilichorudi nacho ni koti la baridi lisilo na kazi hapa na tumbo hili mnaloliona. Lakini huko kote sijaona chombo chenye nguvu kama kamati ya sendofu. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina mweka hazina, ina mjumbe wa vinywaji ambaye hakosi kikao hata kimoja. Kadi za michango zikatembea mtaa mzima, na watu wakaandika ahadi. Nawauliza, na msinijibu kwa sauti maana tuko madhabahuni: mkono wetu huwa mwepesi lini kama siku ya kuandika ahadi? Mtu hana nauli ya kurudi kwake, anaandika laki mbili, na chini yake anapiga mstari.

Siku zikakaribia. Ahadi zilizotimizwa hazikufika nusu. Wengine walileta udhuru, wengine walituma ujumbe: "Tuko pamoja." Tuko pamoja haiwi pilau.

Fundi angeweza kusimama mbele ya kamati na kusema, ndugu zangu, tumepungukiwa, basi tutakula wali na maharage hapa uani kwangu, na mtoto ataondoka na baraka. Nani kati yetu angesema hivyo? Mimi nisingesema. Mimi nimewahi kuazima suti ili nikahubiri juu ya unyenyekevu.

Lakini fundi alikuwa na kitu mfukoni. Mwaka uliotangulia, afisa mmoja wa benki alikuja kupimwa suruali, na wakati anapimwa kiuno akamwambia, "Fundi, akaunti yako inatembea vizuri. Mtu kama wewe hutakiwi kuhangaika na noti. Chukua kadi ya mkopo."

"Nikilipa na hiyo kadi, pesa inatoka kwa nani?"

"Inatoka benki. Wewe utarudisha polepole, pamoja na riba yake."

Fundi akasikia neno moja tu: polepole. Masikio ya binadamu yana uchaguzi mkuu kila siku, na riba haijawahi kushinda.

Basi kadi ikalipa ukumbi. Kadi ikalipa mpishi, ikalipa muziki, ikalipa keki ya ghorofa nne. Jumla milioni sita. Sendofu ikafana. Watu walicheza mpaka viatu vikavuliwa, na kuanzia siku ile mtaa ukamwita Baba Bibi Harusi, naye akaitika.

Mwezi wa kwanza alilipa. Mwezi wa pili alilipa nusu. Mwezi wa tatu ikaingia Kwaresima, na sisi wakati wa Kwaresima hatufungishi ndoa. Hakuna ndoa, hakuna suti. Kwa hiyo hata mimi mchungaji sina mikono misafi katika habari hii. Simu za benki zikaanza, fundi akaacha kupokea. Akazikariri namba zao. Simu ikiita anaiangalia tu inavyotetemeka mezani mpaka inyamaze, halafu anafuta jasho, anaendelea kushona.

Siku moja akaja mtu na baiskeli, mzee mpole, ameshika bahasha. Sasa fundi alikuwa amesikia kinyozini kwamba karatasi ya mahakama usipoipokea kwa mkono wako, haijafika. Mimi pia niliwahi kuambiwa hivyo, na kinyozi huyohuyo nadhani. Ndiyo sheria yetu ya mtaani: kisichoguswa hakipo.

"Hodi," akasema mzee. "Wewe ndiye fundi wa suti?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea umeshika nini."

"Nimeshika samansi ya mahakama."

"Basi fundi katoka."

Mzee akamwangalia, akaiangalia tepu ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake. "Na wewe ni nani, baba?"

"Mimi nalinda duka."

Mzee hakugomba. Alitoa gundi mfukoni, akaibandika karatasi mlangoni, akaipiga picha na simu yake, akasema, "Fundi akirudi mwambie amesalimiwa," akapanda baiskeli. Na fundi wetu, alipoona ametokomea, akachukua bango lenye picha za mitindo ya suti, akalibandika juu ya karatasi. Akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia. Hakuna karatasi. Kuna wanaume wanne wanatabasamu ndani ya suti.

Mahakama haikuona bango. Siku ya shauri ikafika, jina lake likaitwa mara tatu, kimya. Hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Na karatasi ya pili ilipokuja, fundi hakuwepo dukani. Ilimkuta mkewe nyumbani. Mama yule akampa mzee wa baiskeli maji ya kunywa, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaisoma yote.

Mumewe alipoingia akamwambia, "Baba, wamekuhukumu. Milioni nane na laki nne pamoja na gharama. Lakini hapa wanasema una siku thelathini za kurudi kueleza."

"Usinisomee."

"Nimeshasoma."

"Basi isahau."

"Nitaisahau vipi na tunadaiwa kweli? Keki tumekula, baba. Hata mimi nilikula vipande viwili. Twende tukaseme hatuna za mkupuo, tutalipa kidogokidogo. Hakimu naye ana watoto."

"Ukienda mahakamani umekubali."

"Na usipokwenda?"

Fundi akainuka. Akatoka nje kama aliyesahau kitu, akasimama uani, akarudi, akatoka tena.

Hapo ndipo mtu yule alipopoteza makalio, yaani mahali pa kukalia. Akawa anakunywa chai amesimama. Akawa anakula anaangalia mlango. Gari likipunguza mwendo barabarani, anasimamisha sindano. Mtu akibisha hodi, yeye yuko chooni. Ikabidi wateja wake wafundishwe: gonga mara tatu, kohoa, sema jina la bwana harusi. Njia ya kwenda dukani ilikuwa ya dakika kumi, akaifanya ya nusu saa, kwa kuzunguka nyuma ya mashine ya kusaga ili asipite mbele ya mahakama, kana kwamba jengo lile lingenyoosha mkono limdake kola. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Na ukimuuliza, "Baba Bibi Harusi, habari za kazi?" anakujibu, "Nzuri sana," kabla hujamaliza swali.

Nawauliza ndugu zangu: ninyi hamjawahi kunywa chai mmesimama? Haya, tuendelee.

Mkewe alikuwa na kaka. Shemeji huyu alikuwa mtu wa mashauri. Hana duka, hana shamba, lakini ushauri anao wa jumla na wa rejareja. Akaja, akakaa, akakunja miguu.

"Shemeji, dalali wa mahakama akija, unajua ataanza na nini?"

"Na nini?"

"Cherehani. Kochi lako nani atalinunua? Ile cherehani ndiyo pesa. Usiku wa leo isilale dukani. Ilete kwangu, nitakutunzia."

"Na kazi nitafanyia nini?"

"Kazi itakuja. Kwanza okoa cherehani."

Mkewe alikuwa anachambua mboga. Akasema bila kuinua macho, "Kaka, mtu akiogopa kuibiwa kuku, anamchinja?"

"Dada, wewe mambo ya mahakama huyajui."

Jioni ileile cherehani ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikafunikwa mkeka, ikapelekwa ng'ambo ya mto kwa shemeji. Na fundi akarudi dukani akiwa na mkasi, na tepu, na chaki.

Sikilizeni alivyofanya. Pasaka ilikuwa imepita, maharusi wakaanza kuja. Bwana harusi mmoja alikuja na wasimamizi wake, suti saba, advansi mkononi. Fundi akawapima wote saba. Mabega, kifua, mikono. Akaandika kwenye daftari. Wakaondoka. Wiki ikapita, wakaja kujaribisha, akasema kitambaa bado. Wakaja tena, akasema vifungo bado. Mara ya tatu bwana harusi akaangalia pale palipokuwa na cherehani, akaona alama nne za miguu yake sakafuni.

"Fundi, hivi unashonea nini?"

Fundi akarudisha advansi. Sehemu alikuwa ameshaila, akauza saa yake ya mkononi kujazia. Bwana harusi akaenda kwa fundi mwingine, na wa pili akamfuata, na wa tatu. Mtu alikuwa na mikono ileile, jicho lilelile, jina lilelile, msimu wa ndoa umejaa tele, naye anapima watu tu. Anapima, anaandika, hashoni.

Siku thelathini zikaisha akizunguka nyuma ya mashine ya kusaga.

Dalali wa mahakama alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge na raba, miwani imening'inia kifuani. Nyuma yake lori dogo na wapagazi watatu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuwa shahidi, kama inavyotakiwa. Huyo mwenyekiti ndiye aliyekuwa ameandika ahadi ya laki tatu kwenye sendofu na hakuileta, kwa hiyo asubuhi ile alikuwa anaangalia dari tu, kama mtu anayehesabu misumari.

"Shikamoo, mama," akasema fundi.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

Safari hii hakusema inategemea. "Ndiye mimi."

Mama akavaa miwani, akafungua faili, akaanza kupita vyumbani anaandika. Kochi, moja na viti vyake. Televisheni. Friji. Meza ya kioo. Alipofika kitandani akapita. Alipofika jikoni akaangalia masufuria, akapita. Fundi anamfuata nyuma, mikono ameifunga, ameifungua, ameiweka mfukoni, ameitoa. Mkewe amesimama kwenye kizingiti.

Mama dalali akasimama katikati ya sebule. "Cherehani yako iko wapi?"

Hapo ndipo fundi alipokuwa anapasubiri siku zote zile. Alikuwa ameshalifanyia mazoezi jibu.

"Sina."

"Wewe si fundi wa suti?"

"Nilikuwa. Cherehani niliuza."

Mkewe akasema taratibu, "Baba, jibu vizuri."

"Nimejibu. Niliuza."

"Lini?"

"Zamani."

Mama dalali akageuza ukurasa. Kisha akaandika. Kwa kuwa aliandika kwa herufi kubwa, fundi aliweza kusoma akiwa amesimama pale alipo: HANA KAZI. HANA ZANA YA KAZI.

"Mbona umeandika hivyo, mama?"

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema sina cherehani. Kwani ulikuwa unaitaka ya nini, kama si kuibeba?"

Mama yule akavua miwani. Sasa nisikilizeni, maana neno hili ndilo lililonitoa kitandani kuja hapa.

Akasema, "Kuibeba? Baba, sheria hainiruhusu kugusa zana ya fundi. Kitanda sigusi, sufuria sigusi, na kitu mtu anachopatia mkate kwa mikono yake sigusi. Nilikuuliza ili nikuachie. Ningeandika kwamba huyu ni fundi, ana cherehani, anafanya kazi, na hakimu akisoma ripoti angekuwa na sababu ya kukupangia ulipe kidogokidogo. Mimi siamui, naandika nilichokiona. Na kwako nimeona mtu asiye na kazi. Asiye na kazi atalipa kwa kitu gani? Kwa kiwanja. Itabidi nipime na hizi kuta."

Mnaona? Miezi yote ile alikuwa anakimbia mtu atakayemnyang'anya cherehani. Na kumbe katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyemnyang'anya, na mtu huyo alikuwa amevaa suruali yake.

Ni jambo gumu sana, ndugu zangu, kusema neno la kweli wakati lile la uongo bado lina moto mdomoni. Mimi nalijua. Huwa naanza kukohoa.

"Mama," akasema, "ninayo."

"Una nini?"

"Cherehani. Nimedanganya. Iko kwa shemeji yangu, ng'ambo. Niliificha, nilijua utaichukua."

Mwenyekiti akaacha dari, akamwangalia. Wapagazi wakaangaliana. Mama dalali akaangalia saa yake.

"Nina nyumba nyingine saa sita. Maneno umeshanipa ya aina mbili asubuhi hii, kwa hiyo maneno siandiki tena. Ilete niione. Ikifika saa sita haipo, ripoti inaondoka kama ilivyo."

Fundi hakuvaa viatu. Alitoka na ndala zake, na hakuzunguka nyuma ya mashine ya kusaga. Alipita barabara kubwa, mbele ya mahakama, mbele ya kinyozi, akikimbia kwa namna ambayo mwanamume wa miaka hamsini na miwili hatakiwi kuonekana akikimbia.

Alimkuta shemeji anasikiliza taarifa ya habari. Cherehani imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na redio imewekwa juu yake.

"Nipe cherehani, shemeji. Dalali yuko nyumbani."

"Ndiyo usiitoe sasa. Tulifichia nini?"

"Anataka kuiona."

"Kuiona. Tangu lini fisi akaomba kuonyeshwa mbuzi kwa nia njema? Shemeji, kaa, unywe maji. Mwambie hukunikuta."

"Nimechoka kutokuwepo," akasema fundi. Akaishusha redio chini.

Mkokoteni alioazima ulikuwa na gurudumu moja linaloyumba. Kwenda ng'ambo ni mteremko, kurudi ni mlima. Chuma kile kizito, jua lile, naye anasukuma peke yake, jasho limemvaa mgongoni kama kanzu. Na hakukifunika. Mkeka aliusahau kwa shemeji. Watu wote waliomlia pilau wakamwona anapita na siri yake katikati ya barabara mchana kweupe. Mmoja akamwita kutoka kibarazani, "Baba Bibi Harusi, ndiyo umefilisika?"

"Bado," akasema bila kusimama. "Nina dakika ishirini."

Alipofika, lori lilikuwa limeshawashwa. Kochi liko juu, friji liko juu. Mama dalali amesimama karibu na mlango wa dereva, faili kwapani. Alisogea, akaizunguka cherehani, akazungusha gurudumu lake kwa kidole.

"Inashona?"

"Inashona, mama."

"Shona nione."

Fundi akatazama huku na huku. Hapakuwa na kitambaa. Lakini mpagazi mmoja, aliyekuwa ametoka kulipakia friji, shati lake lilikuwa limechanika begani, mchaniko wa mkono mzima. Fundi akamwambia, "Ndugu yangu, vua hilo." Mpagazi akamtazama bosi wake, akavua. Na mtu yule akakaa. Nasema akakaa, akatulia, kwa mara ya kwanza tangu mzee wa baiskeli apige hodi. Akakaa palepale barabarani juu ya kreti ya soda, akaweka miguu yake kwenye kanyagio, akalishona shati la mtu aliyekuja kumbebea vitu vyake. Mshono ulikwenda kombo. Ulikuwa mshono mbaya kuliko mishono yote aliyowahi kushona tangu ujana wake.

Mama dalali akauangalia, akakata mistari miwili kwenye ripoti yake, akaandika upya: FUNDI. ANA CHEREHANI. ANASHONA.

Hakulishusha kochi. Hakulishusha friji. Televisheni ilikwenda. Deni ni deni, na keki ililiwa. Wiki iliyofuata fundi alisimama mbele ya hakimu kwa miguu yake, akasema nadaiwa, nilijificha, nina kazi, nitalipa. Akapangiwa kila mwezi kiasi, miaka mitatu. Alitoka pale na deni zima kabisa kichwani, akaenda nyumbani, akaagiza chai.

Sasa tuje kwetu.

Sisi tunadhani rehema ni kufutiwa. Rehema haikumfutia mtu yule hata shilingi. Ilimwachia mikono. Na ilitaka kitu kimoja tu kwake: aonyeshe alichonacho. Lakini sisi tumezoea kwamba anayetuuliza "una nini" amekuja kuchukua. Mke anauliza, "Unawaza nini?" Tunasema, siwazi. Mtoto anauliza, "Baba, umekasirika?" Tunasema, nimechoka tu. Mwenye kutudai anauliza, tunabadilisha namba ya simu. Na Mungu naye, anayetujua tangu tumboni, anauliza kila siku bila kuchoka, "Una nini hapo?" Na sisi, kwa adabu zote, macho tumefumba, tunamwambia, "Bwana, sina kitu." Tunafikiri tumejinyenyekeza. Kumbe kile tulichokificha ndicho alichotaka kutuachia.

Umeficha nini wewe, na kwa nani? Kuna mwenye sauti ya kuimba ameificha tangu alipogombana na mwalimu wa kwaya. Kuna mwenye msamaha wa ndugu yake, ameuhifadhi ng'ambo, umefunikwa kitambaa, redio juu yake. Kuna mwenye ukweli mmoja tu, wa sentensi moja, na ameuzungukia nyuma ya mashine ya kusaga miaka saba. Unahangaika, hulali, unajibu "nzuri sana" kabla hujaulizwa. Na aliyekunyang'anya ni nani? Jitazame suruali.

Wala msiniambie mtu wa Mungu hadaiwi. Anadaiwa. Benki haijui zaburi. Barua ikija, ipokee kwa mikono miwili, isome mpaka mwisho, maana neno baya huwekwa juu na mlango wa kutokea huwekwa chini. Ukiitwa, nenda. Useme nadaiwa. Useme ninacho hiki. Hakuna hakimu, wa duniani wala wa juu, anayeweza kumpangia mtu ambaye hayupo.

Na wale walioandika ahadi kwenye sendofu za watu, tutaonana hapo nje, sitawasema hapa. Nimeshawaona mnavyoangalia dari.

Nimalizie. Kesho ni Jumatatu. Mahakama yetu pale chini inafungua saa mbili asubuhi. Kama kuna mtu ana karatasi yake na anaogopa kuingia peke yake, anikute langoni. Nitakuwa nimevaa suti ya bluu. Njoo tu, sitakuuliza kiasi gani. Nilisema tangu mwanzo kwamba simwangalii mtu, na ni kweli, sikumwangalia, kwa sababu kutoka hapa mimbarini siwezi kujiona. Mimi si fundi, lakini karatasi ninayo, na siku zangu thelathini zinaisha kesho. Ukichelewa, usisimame nje kunisubiri. Mimi nitakuwa nimeshaingia.